Lori Likikataa Kuwaka, Kituo Kizima Huwa Mafundi

Katika vilima vya chai vya Bomet, dereva ambaye betri zake zimechoka hutambulika kwa jinsi anavyoegesha. Wenzake hutafuta kivuli. Yeye hutafuta mteremko, pua ya gari ikitazama bondeni na jiwe limewekwa chini ya gurudumu, ili kesho yake mlima umfanyie kazi ya stata.

Ujanja huo hufaa magari madogo. Lori kubwa lenye breki za upepo lina kiburi chake: upepo ukivuja usiku, springi hufunga magurudumu ya nyuma, na upepo mwingine haupatikani mpaka injini izunguke. Yaani haliteremki mpaka liwake, na haliwaki mpaka literemke.

Siku lori moja la majani chai lilipogoma upande wa Silibwet, hata nafasi ya kujaribu ujanja huo haikuwapo. Kituo cha kununulia majani kimejengwa penye tambarare, pengine ndiyo tambarare pekee katika eneo hilo. Lori lilikuwa limejaa. Dereva alizungusha ufunguo, kukasikika "tak", kisha kimya.

Kimya hicho hakikudumu. Majani mabichi yakirundikana hupata joto na kuanza kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani. Huhitajika kilo nne na ushee za majani hayo kutoa kilo moja ya chai kavu, na kila kilo iliyokuwa mle ndani mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, risiti mkononi. Katika hali hiyo hakuna anayekubali kuwa hajui magari.

Mwendesha bodaboda alitangaza kuwa ni betri. Mchumaji mmoja akasema ni stata, igongwe. Iligongwa, kwanza kwa spana, halafu kwa ubao, mwisho kwa hasira. Kuigonga si ujinga: brashi za kaboni zilizolika hukwama ndani ya stata, na kishindo kidogo huzirudisha mahali pake. Lakini hii ilipigwa kama mwizi wa kuku, na haikukiri chochote.

Mzee mmoja alikumbuka Bedford za zamani zilizowashwa kwa hendeli, akataka iletwe. Hendeli ilianza kustaafishwa mwaka 1912, Cadillac ilipotoka na stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering. Injini ya dizeli ya leo, kwa mgandamizo wake, ingemrusha mzee huyo mpaka Longisa.

Mama aliyekuwa na birika alipendekeza vichwa vya betri vimwagiwe chai ya moto. Alikaribia ukweli. Ule unga wa kijani na mweupe unaoota pale huzuia umeme kupita, na maji moto yenye magadi huuyeyusha na kuua tindikali. Ila chai ya Bomet ina maziwa na sukari, na dereva alikuwa tayari na matatizo ya kutosha bila sisimizi. Aliomba anywe yeye.

Kisha ikafika Probox, abiria wamebanana mpaka kwenye buti, na mwenyewe akashuka na waya za jampa. "Dere, mimi nitakuwasha sasa hivi."

Dereva alimshukuru, akasimama mbele ya betri huku ametandaza mikono. Lori hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Probox ina moja tu ya volti 12. Zikiunganishwa ovyo, lori haliwaki, na Probox inaweza kuungua vifaa vyake vya umeme. Abiria, waliokwisha kulipa nauli, waliunga mkono uamuzi wa dereva.

Fundi wa umeme alipofika kwa bodaboda hakugusa kitu. "Washa taa kubwa, halafu piga stata." Taa zikafifia karibu kuzimika. Hapo stata ikaanza kusafishwa jina: kama taa zingebaki kali huku ikilia "tak" tu, yeye ndiye angekuwa mshukiwa wa kwanza. Fundi akakaza waya wa ethi uliolegea kwenye chasi, akajaribu tena. Hakuna. Akatoa mita.

Betri ya kwanza ilisoma volti 12.7, imeshiba. Ya pili 11.6, ambayo kwa betri iliyotulia ni maiti.

"Hawa mapacha hawali sahani moja," fundi akasema. Akaanza kufuata waya mmoja mwembamba mwekundu kutoka betri ya pili, ukapita chini ya kiti, ukatokea kwenye redio. Hapo taniboi akakumbuka kwamba hajakagua tairi za nyuma.

Redio ilikuwa ya volti 12, kwa hiyo ilinyonya betri moja tu, pamoja na simu zote zilizochajiwa pale wakati wa kusubiri foleni. Altaneta huchaji zote mbili kwa pamoja, karibu volti 28, bila kujua nani ana njaa. Yenye njaa haishibi. Iliyoshiba hulishwa kupita kiasi na kukausha maji yake. Dawa ni kifaa cha kupunguza umeme kutoka 24 hadi 12 kinachochota kwenye betri zote, au kunyamaza. Taniboi aliuliza bei ya kifaa.

Lori jingine lililokuwa likirudi kutoka kiwandani lilikopesha umeme, 24 kwa 24, kwa waya nene. Injini ikanguruma, watu wakashangilia, na bodaboda aliyesema ni betri akadai ushindi.

Dereva aliapa kutozima tena siku hiyo. Langoni mwa kiwanda askari alimsimamisha: kwenye mizani injini huzimwa. Dereva akachungulia dirishani, akamwuliza kwa heshima zote kama ana watu wa kusukuma tani saba.