Siku Maharage Yalipopanda Darini

Katika nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, chombo kipya cha jikoni hakipewi nafasi kabatini mpaka mama mkwe akishike kwanza. Baridi yabisi imemwandama miaka mingi, viungo vya vidole vimevimba, na majira ya kipupwe kuna asubuhi hawezi kukunja ngumi. Jikoni hajatoka, wala hana nia ya kutoka. Kwa hiyo kisu chenye mpini mwembamba, mfuniko unaoteleza, kopo linalotaka kupotolewa kwa ncha za vidole, yeye ndiye huzijua kasoro zake mapema. Sisi wenye mikono mizima huvumilia vyombo vibovu, kisha tukasema kazi ya jikoni inachosha.

Hayo yalidhihirika siku walipokuja wageni wa posa ya wifi yangu mdogo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo wifi mkubwa aliwasili kutoka Dar es Salaam na maboksi aliyoyanunua Kariakoo: presha kuka, blenda, na pakiti ya visu vya kumenyea. Alikuwa ameona mama yake anavyohangaika, akajinyima ili ampunguzie mzigo. "Mama, kesho kazi yako ni kuonja tu," alisema. Mama mkwe akamshukuru, akamwombea dua, kisha akachukua kisu kimoja cha kumenyea. Mpini wake ulikuwa ukanda wa bati uliokunjwa, hauna unene wa kushikika. Akakijaribu kwenye kiazi kimoja, hakufika nusu, akakiweka chini na kuanza kujisugua kiganja.

Kisu cha namna hiyohiyo ndicho kilichomkera Mmarekani mmoja, Sam Farber, aliyekuwa amestaafu biashara ya vyombo vya jikoni. Mkewe, Betsey, alikuwa na baridi yabisi mikononi, na kumenya matufaha kulimtesa. Farber akashirikiana na wabunifu wa Smart Design, na mwaka 1990 vikatoka vyombo vya OXO Good Grips: mpini mnene wa mpira laini, usiozunguka mkononi hata ukilowa, wenye mikato myembamba pa kuegemeza kidole gumba. Vilibuniwa kwa kufikiria mikono inayouma. Wakavigombea hata wasio na maumivu yoyote. Kisu chao cha kumenyea kimo katika mkusanyiko wa jumba la sanaa la MoMA, New York, na kinastahili.

Asubuhi ilianza na maharage. Binti wa wifi mkubwa alikabidhiwa presha. Akachagua maharage, akaosha, akajaza pamoja na maji mpaka karibu na ukingo, akafunga mfuniko, akawasha gesi. Presha huuzuia mvuke usitoke. Msukumo ukipanda, maji huchemka kwenye nyuzi karibu 120 badala ya 100, ndiyo maana maharage huiva upesi. Lakini maharage yana povu, na maganda yake hubanduka, kwa hiyo chombo hakitakiwi kujazwa kupita nusu. Alama ya nusu ilikuwepo: mstari uliochongwa ndani, bila rangi, hauonekani mpaka uinamishe chombo dirishani. Maelezo yaliyobaki yalikuwa kwenye kikaratasi chenye herufi ndogo mno.

Povu likapanda, maganda yakaziba tundu la mvuke, na kile kizito cha juu kikaacha kucheza. Sisi tulikuwa uani tunapara samaki. Tukasikia mlio mkali, kisha mvumo. Kizibo cha usalama kilikuwa kimeng'oka, maana ndiyo kazi yake, na mchuzi wa maharage ukaruka wima mpaka darini, ukarudi juu ya kabati, saa ya ukutani na sahani za wageni tulizokwisha kuzifuta. Binti alikuwa ametoka kuchukua vitunguu, hakuguswa. Mama mkwe alimkumbatia, akamsomea dua, akampa maji. Halafu akauliza, "Huo mstari wa kujazia uko wapi?" Tukamwonyesha. Akaigeuza ile presha huku na huku. "Mtoto hana kosa," akasema. "Huu hata mimi nisingeuona."

Denis Papin, Mfaransa aliyebuni chombo cha aina hii akiwa London mwaka 1679, alikiwekea vali ya usalama kwa sababu aliijua nguvu ya mvuke. Miaka zaidi ya 300 imepita, vali ipo na siku ile ilituokoa, lakini yupo mtengenezaji anayeona ni gharama kuutia rangi mstari mmoja. Hilo linaniudhi hadi leo.

Ikawa saa tano, wageni ni wa saa saba. Wifi mkubwa akageukia nazi. Akang'oa nyama kwenye vifuu, akakata vipande, akatia kwenye blenda na maji kidogo. Mkupuo wa kwanza ulisagika. Wa pili, kisu kikakwama, mota ikaendelea kuvuta, pakanuka mpira ulioungua. Meno ya mpira yanayounganisha mota na kisu chini ya jagi yalikuwa yamelika yote. Fundi alitueleza baadaye kwamba katika blenda nyingi kipande hicho huachwa kiwe dhaifu makusudi, kife chenyewe ili mota ipone, na kukibadilisha hakukugharimu kitu kikubwa. Sina ugomvi na blenda. Inasaga tangawizi na kutoa juisi ya embe vizuri sana. Ila nazi nyingine zilikuwa zimebaki nzima, na mbuzi yetu ya kukunia ilikuwa kwa jirani tangu maulidi.

Mbuzi ikaletwa mbio. Wifi alitaka kuikalia, mama mkwe akamwinua. Wifi akakataa, akamwonyesha vile vidole. Mama akakaa, akafunga khanga magotini, akasogeza sinia chini ya ulimi wa chuma, akaanza.

Kitazame chombo hiki kinavyofanya kazi. Ubao unakaliwa, kwa hiyo uzito wa mwili ndio unaoushikilia, na hakuna kidole kinacholazimika kubana kitu. Kifuu kinajaa viganjani, mikono miwili inakikumbatia, na nguvu inatoka mabegani. Ulimi umetangulia mbele na ncha yake imepanuka kwa duara, ili ufuate mzingo wa ndani wa nazi. Mama alianzia ukingoni, akawa anazungusha kifuu kidogokidogo, nazi nyeupe iliyokunwa ikidondoka, na kila alipokaribia ile ngozi ya kahawia aliacha, akahamia pengine, tui lisije likapoteza weupe wake. Vidole vyake havikukunjwa kupita vinavyoweza. Mpini mnene aliouhangaikia Farber, hapa ni kifuu chenyewe. Aliyebuni mbuzi hatujui jina lake, na mimi namweka safu moja na hao wa MoMA.

Kilichomshinda mama ni kifumbu. Kukamua nazi iliyokunwa kunataka kupotoa, na kupotoa ndiko kunakomuumiza hasa, kwa hiyo kifumbu alikishika wifi. Tui zito likatengwa kwa samaki, jepesi likaenda kwenye wali. Katikati ya kazi umeme ukakatika, tukaendelea.

Wageni walikula wali wa nazi, changu wa kupaka, na mchicha mahali pa maharage. Posa ikakubaliwa. Mshenga aliinua macho akaliona doa darini, mama mkwe akamsimulia kisa kizima, na yule mzee akaagiza nyumbani kwake presha isiguswe mpaka arudi.

Baadaye wifi alimpeleka mama dukani, nami nikafuatana nao. Muuzaji akaweka presha mbili juu ya kaunta. Mama akaomba maji, akalowesha mikono, akafungua na kufunga mifuniko palepale, kisha akarudia kwa mkono wa kushoto. Ile iliyong'aa zaidi ilimshinda. Ya pili ilikuwa na mpini mpana, mstari mwekundu ndani, na mipira yake ya akiba ilikuwa inauzwa dukani humohumo. Wifi akailipia hiyo, pamoja na mipira miwili.