Asante ya Kiazi

Wenzangu tuliostaafu pamoja, mmoja ameangukia bao, mwingine ameangukia siasa za tawi, mimi nikaangukia viazi. Sijui nani kati yetu ana nafuu. Wa bao angalau hurudi nyumbani mikono ikiwa safi.

Yalinianzia kwenye banda la chipsi, hapa hapa Bagamoyo. Nasubiri chipsi mayai yangu, kijana anamenya viazi kwa kasi ya mashine, mara nikaona kimoja ganda lake jekundu la kuelekea waridi, kimekaa katikati ya wenzake weupe kama bibi harusi kwenye daladala. Nikamuuliza kinaitwaje. “Hicho Asante, Mwalimu. Kinatoka juu huko.” Nikashukuru, nikidhani ananishukuru. Tukapotezana kidogo kabla sijaelewa kwamba Asante ndilo jina la kiazi.

Usiku ule sikulala. Kumbe viazi vina majina! Kuna Kikondo, kuna Shangi ya Wakenya, kuna Sherekea. Peru, vilikotoka viazi mviringo vyote tunavyokaanga, zipo aina zaidi ya elfu tatu, za zambarau, za njano, nyingine zimepindapinda kama tangawizi. Na mimi miaka sitini na mbili nimekuwa nikisema “viazi” tu, kama mtu anayeita wanafunzi wake wote “wewe”. Nikaamua kuanza na Asante na Sherekea. Aliyekipa kiazi jina la namna hiyo, nilijiambia, hawezi kuwa tapeli.

Mpwa wangu anafanya kazi Makambako. Nilimwomba anitafutie mbegu kidogo. Yeye akaelewa “kidogo” kwa kipimo cha Njombe, akaja na gunia limefungwa lumbesa, shingo imeongezwa kwa wavu hadi gunia linakuzidi kimo. Aliliteremsha stendi ya Mbezi, akalipandisha gari la Makumbusho, akalipandisha tena la Bagamoyo, na kila konda alilitoza nauli ya mtu mzima. Lilipofika kwangu lilikuwa limesafiri kwa gharama kubwa kuliko mimi nilivyowahi kusafiri nikiwa na likizo ya serikali.

Ilikuwa Juni. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: kipupwe kimeingia, upepo wa kusi unavuma, hata mama lishe wanajifunika khanga asubuhi. Ubaridi si ndio huu? Nikachimba mtaro futi mbili, nikamwaga samadi ya ng'ombe toroli sita. Jembe likawa linachomoka kwenye mpini kila baada ya mapigo kumi. Naligongea kabari, linatulia, linachomoka tena. Jioni, tumekwisha kufukia, nikakuta mpini umeegemea ukuta peke yake kama mjane. Jembe lenyewe halipo.

Nilitazama huku na huku. Siku ile mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita mtaani na mizani yake ya kuning'iniza. Na mpwa wangu alikuwa amekunywa soda mbili mchana bila kuniomba hela. Sikumwita mwizi, hapana. Nilisema tu, mbele ya watu, kwamba siku hizi vijana wana njia nyingi za kupata hela ya soda. Kesho yake alipanda gari la alfajiri bila kuaga.

Viazi viliota. Tena si kuota, vilifumuka. Wiki ya sita majani yalikuwa kifuani kwangu, ya kijani cha kukolea. Watu wa mtaa wakaanza kuja kutazama. Kijana wa chipsi alikuja na daftari, akaweka oda ya debe nane, tukapatana bei kwa kushikana mikono. Mke wangu alisimama mlangoni, akayatazama majani kwa muda mrefu.

“Mazuri. Yanaliwa?”

“Hayaliwi, yana sumu.”

“Basi mazuri kweli,” akasema, akarudi jikoni.

Dalili moja niliipuuza. Kuku wa jirani, ambao hula hata kandambili, hawakuwahi kugusa shamba lile. Kuku wana akili zao.

Siku ya kuvuna niliifanya Jumamosi ili mashahidi wawe wengi. Nimeazima jembe kwa jirani, nikang'oa shina la kwanza kwa madaha: mizizi. La pili: mizizi, na kitu cha ukubwa wa gololi. Nikaendelea huku nikieleza kwa sauti kwamba pembeni huwa havizai sana. Tulipofika mwisho wa mtaro nilikuwa na viazi kumi na kimoja, na kikubwa kuliko vyote ungeweza kukichezea bao. Kijana wa chipsi alikishika kwa vidole viwili, akakigeuza juani.

“Mwalimu, hiki nikimenye au nikitoboe nivae?”

Bwana shamba nilimfuata Jumatatu, nikitegemea ataniambia kuhusu mdudu au mbolea. Akaniuliza swali moja tu: “Usiku hapa kwako unajifunika nini?” Nikamwambia shuka, tena siku nyingine nalitupa kabla ya alfajiri. “Kiazi mviringo kinataka blanketi,” akasema. Ndipo akanieleza. Kiazi hutunga chini pale usiku unapokuwa wa baridi, nyuzi kumi na tano hivi na kuzidi kidogo. Usiku ukiwa wa joto, mmea hautulii. Sukari yote uliyotengeneza mchana unaimalizia kwenye majani na kwenye kuhema. Ndiyo maana vinalimwa Njombe, Mbeya, Lushoto. Kipupwe chetu, akasema kwa upole, ni baridi ya kumpendeza binadamu. Kiazi hakidanganyiki.

Kwa hiyo ile ndiyo asante niliyopata. Ya punda ina nafuu, maana teke linauma siku moja. Nikausawazisha mtaro kwa hasira, sikutaka kuuona tena.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi vuli ilipokaribia nikafuata viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo havihitaji blanketi na tena utafiti wake uko hapa hapa mkoani kwetu, Kibaha. Nilichukua marando ya Mataya na ya Kiegea. Hawa wanaovipa majina viazi vitamu, nitawaheshimu daima, wanajua wanachokifanya: aina nyingine zinaitwa Simama, Vumilia na Jitihada. Ni kama wamewahi kuniona nikilima.

Niliandika vibao vya karatasi, nikaviweka kwenye chupa za maji. Mvua ya kwanza ikavifuta. Hadi leo sijui lipi tuta la Mataya, lipi la Kiegea. Halafu wakaja majirani. Matembele bwana! Asubuhi naamka nakuta Bi Jirani yuko matutani na ungo, ananisalimia vizuri, anachuma. Jioni mwingine. Nitamnyima vipi mtu matembele? Hata mimi nikayala siku nne kwa wiki, ya nazi, na niliyala nikijua kabisa kwamba kila jani linalotoka juu linapunguza chini.

Hata hivyo tulipata ndoo moja na nusu, zikaangukia Ramadhani. Mke wangu akavipika kwa tui kama anavyopika vile vyeupe vya siku zote, vilivyo vikavu na vya unga. Hivi ni laini. Vikalainika, vikayeyuka, bakuli likaja mkekani likiwa na uji wa rangi ya machweo. Mgeni wangu alionja, akatikisa kichwa kwa heshima.

“Boga hili zuri sana, Mwalimu.”

Nikaanza kumweleza kwamba si boga, ni kiazi, kina vitamini A kwa ajili ya macho, na kwamba mwaka 2016 watafiti wanne walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kurutubisha mazao ya namna hii, mmoja wao Mganda, Robert Mwanga. Mke wangu akaniuliza kama hao wanne nao wangekuja kuosha sufuria, maana imegandia.

Sasa, kitu kimoja sikukitaja kwa sababu wakati ule sikukihesabu. Novemba, mama mkwe alikuja kututembelea, na kwenye pindo la khanga alifunga kichwa cha kiazi kikuu. Hakuniuliza. Akakidumbukiza kwenye ule mtaro wangu wa aibu, karibu na mnazi usiozaa, akakanyaga udongo kwa kisigino, akaingia ndani kunywa chai. Sikukiwekea kibao. Kiazi kikuu kwangu kilikuwa kitu cha bibi zetu, cha futari, hakina hadhi ya kufanyiwa utafiti na mwalimu mstaafu. Kikapanda mnazi chenyewe. Kuku hawakukigusa, nami sikukipa hata maji.

Agosti majani yakakauka. Mama mkwe akapiga simu: “Mkwe wangu, chimba.” Nikaamkia, nikachimba. Nilianza saa mbili, adhuhuri nilikuwa nimezama hadi kiunoni, na kiazi bado kinateremka. Mahali jembe la kuazima lilipokigusa, nyama yake ilikuwa ya zambarau, zambarau ile niliyokuwa nikiisikia ya Peru. Kisha jembe likagonga chuma.

Nilifukua kwa mikono. Lilikuwa jembe langu. Kiazi kilipokuwa chembamba kilipita katika tundu la mpini, kikaendelea na safari, halafu kikanenepa huku na huku. Lisingetoka juu, lisingetoka chini. Pale Misheni upo mbuyu uliopandwa 1868, uliomeza mnyororo ambao Madame de Chevalier alimfungia punda wake. Kimebaki kipande kifupi tu kinachochungulia nje, na watalii hukipiga picha. Mwanangu alipendekeza na sisi tuite watalii.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa akipita. Tukamwomba mizani. Kilo tisa na robo, jembe likiwemo. Akasema jembe peke yake angelinunua, lakini kiazi hakina bei kwenye orodha yake.

Mpwa wangu nimempigia mara saba. Hapokei.