Maoni ya Umma: Fungu la Kukandwa Mgongo Baharini

Kwa Kamati ya Bajeti,
Bunge la Kaunti ya Bungoma.

Waheshimiwa,

Kila mwaka mnatuita ukumbini tutoe maoni kuhusu bajeti, maana Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka hivyo, na kila mwaka sisi wa Kabuchai tunaomba yale yale: mtaro, kivuko, dawa. Mnaandika, tunakunywa soda, tunarudi Chwele kwa miguu. Mwaka huu nimeona niwapumzishe. Naleta ombi ambalo halitakwama popote: fungu la kukandwa mgongo kwenye meli ya kitalii.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeshatuzoesha kuona mabunge ya kaunti yakitumia mamilioni kwa safari. Sijasikia hata bunge moja lililokwenda kujifunzia majini, na kwa kasi hii nchi kavu itakwisha. Kilindini kuna jengo la abiria wa meli za kitalii, na kutoka kwetu ni karibu kilomita 900 tu, nazo zina masurufu yake.

Hesabu nimewafanyia. Dakika 50 za kukandwa, tuseme dola 180. Juu yake huja bakshishi ya asilimia 20, ambayo hukatwa kabla hujaulizwa kama umeridhika (hapo mtajisikia nyumbani). Jumla dola 216. Kwa shilingi 129 kwa dola, ni shilingi 27,864. Kwa lugha ya huku, gunia la mahindi likienda 3,500, ukiuza magunia 8 unalipa, na zinabaki shilingi 136 za chai.

Mgongo mmoja kwa kila wadi, wadi 45: shilingi 1,253,880. Najua kuna watakaosema ni nyingi. Wakumbusheni 2015, kaunti hii iliponunua wilbaro 10 kwa shilingi 109,256 kila moja, jumla 1,092,560. Tofauti ni shilingi 161,320 pekee, na mgongo wa mheshimiwa haupati pancha. Madiwani wa kuteuliwa tutawaingiza kwenye bajeti ya ziada.

Kubana matumizi kunawezekana pia. Meli inapotia nanga, abiria wengi hushuka kutembea mjini, na bei za spa huteremka. Kwa kuwa siku ya bandarini ndiyo siku ya masomo yenyewe, nashauri kamati nzima ibaki melini siku hiyo, ilale kifudifudi na kuokoa mali ya umma. Katibu mmoja ashuke akapige picha.

Jihadharini na jambo moja tu. Kazi ikiisha, ukiwa bado unang'aa mafuta na moyo umelainika, mkandaji hukuletea trei ya vichupa na kukueleza kwa upole kwamba ngozi yako ina shida kubwa. Mkisaini hapo, iandikwe "vifaa vya ofisi".

Malipo yenyewe hayatawasumbua. Melini hakuna kuhesabu noti. Unaonyesha kadi ya chumba, deni linajiandika, na mwisho wa safari ndipo unaletewa bili. Sisi mfumo huo tunaujua. Tofauti ni kwamba kwenye meli bili humfuata aliyekandwa. Huku madeni hulazwa mlangoni pa gavana ajaye, na mwenye duka aliyeleta saruji anakaa nje miaka akisubiri.

Kuna pia huduma ya mawe ya moto, yanayopangwa juu ya uti wa mgongo. Tafadhali mawe yatoke kwetu. Kuna akina mama wanaovunja kokoto kwa nyundo kutwa nzima, na hawataki zaidi ya bei ya jiwe. Tenda ikitoka, naomba tu bei ya wilbaro isinakiliwe.

Kabla hamjafunga mafaili, nina mpango wa pili, kama bahari itachafuka. Kukhu, nyanya yangu, hukanda. Hukaanga chumvi ya mawe kwenye kikaango, huifunga kwenye kipande cha leso kuukuu, hujigusa nacho kifundo cha mkono kwanza asije akamchoma mtu, kisha hushuka nacho taratibu kutoka shingoni. Kidole gumba chake hujua pa kusimama: pale gunia la vitunguu linapokaa kwa mwanamke, na chini kidogo ya hapo kwa kijana wa bodaboda. Anakandia jikoni, mlango wazi, kuku wakipita. Malipo ni gorogoro la mahindi, na asiye nalo huambiwa alete msimu ujao. Bakshishi hajui ni nini.

Nimemuuliza kama anaweza kuwahudumia ninyi wa wadi 45. Ameniuliza mnabeba nini.

Nimeambatisha nakala ya risiti yangu ya ushuru wa soko ya leo, ionekane kwamba nami nimechangia mafuta ya kukandia. Risiti halisi nimebaki nayo, kwa sababu askari wa soko hurudi saa tisa.

Wenu mtiifu,
Mwuza vitunguu, Chwele.