Kreni Iliyozama Kwenye Tui

Kreni ya reli haiangushwi na uzito wa mzigo peke yake. Huangushwa na umbali. Mzigo unaonyanyuka kwa raha ukiwa karibu na magurudumu, usogeze nje kidogo tu, utaibwaga kreni pamoja na mtu aliyemo ndani. Baba aliijua kanuni hiyo tangu ujana wake. Alianza kazi kwenye genge la kreni enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaendelea nayo lilipoundwa Shirika la Reli Tanzania mwaka 1977, na utotoni mwangu nilizoea kusikia dirisha likigongwa usiku: treni imeacha njia, mzee anahitajika. Wengine nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, waliijua kanuni hiyo Jumamosi moja jioni, pale kreni ya Baba isiyozidi urefu wa kiganja ilipopinduka na behewa lake ikazama kwenye bakuli la tui la kwanza. Kesho yake tulikuwa na wageni wa posa ya mdogo wetu wa mwisho.

Kreni hiyo ililetwa na kaka anayeishi Hamburg. Huko kuna jumba la treni ndogo, Miniatur Wunderland, lililofunguliwa mwaka 2001 ndani ya maghala ya zamani ya bandari. Alipoona milima, stesheni na mabehewa ya kipimo cha 1 kwa 87, alimkumbuka Baba. Akatafuta seti iliyokwishatumika: injini ya dizeli, mabehewa ya mizigo, reli za kuunga njia yenye umbo la yai, transfoma, na kreni yenye hendeli mbili, moja ya kupandisha mkono na moja ya kupandisha ndoano. Akavizungushia mashati, akavileta Tanga.

Baba hakuanza kwa kuiendesha. Alianza kwa rula. Njia ile ina upana wa milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata karibu 1,435, ndio upana wa reli ya SGR inayobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Reli yetu ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mjini mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Mombo 1905 na Moshi 1911, ni ya mita moja.

"Kwa kipimo hiki yetu ingekuwa milimita kumi na moja na nusu," alisema. "Na kreni ya njia nyembamba, mwanangu, haina pa kusimama. Ndiyo maana sisi tulikuwa watu wa mataruma."

Sikumwelewa, lakini nilifurahi kumsikia. Tangu astaafu alikuwa hazungumzii kazi. Hata treni ya abiria iliporudi Moshi kutoka Dar es Salaam, Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya ukimya, alisikiliza habari redioni akanyamaza. Sasa alikuwa amepiga magoti barazani uani, mbele ya ubao wa plaiwudi, akimweleza mwanangu kwa nini kreni haitembezwi ikiwa imenyanyua mkono. Mkono hulazwa juu ya behewa bapa linalofuata nyuma, ndoano ikashikizwa, lakini mkono wenyewe huachwa huru uweze kwenda kushoto na kulia. Kwenye kona behewa huelekea huku na kreni kule. Mkono ukifungwa kwa nguvu, mmoja wao atamtoa mwenzake relini.

Mwanangu alitengeneza marobota ya katani kwa nyuzi alizochomoa kwenye brashi ya kuoshea, akayafunga kwa uzi mwekundu. Katani ndiyo iliyoipa reli hii mizigo: miche 1,000 ya mkonge aliyoagiza Richard Hindorf kutoka Florida ilipitia Hamburg, ikafika pwani hii mwaka ule ule wa 1893, 62 tu ikiwa hai. Kwa marobota yale mepesi kreni ilifanya kazi vizuri kabisa. Ilinyanyua, ikageuka, ikashusha, na nyumba nzima ikaamini kwamba ina nguvu.

Jumamosi hiyo Shangazi alikuwa amekaa kwenye mbuzi tangu alasiri. Mchele wa mkate wa kumimina ulikuwa umelowekwa, hamira ipo, iliki imetwangwa. Alikuna nazi, akakamua tui la kwanza zito kama inavyotakiwa, akaliweka bakuli juu ya kigoda ili kuku wasilifikie. Kigoda kikawa kando ya ubao wa treni, maana baraza ni moja na jua la jioni lilikuwa limeshika upande wa pili. Baba alikuwa msikitini kwa Magharibi. Mama alikuwa ndani kwenye cherehani akimalizia gauni la bi harusi mtarajiwa.

Mwanangu, ili mkono wa kreni usitikisike, aliufunga kwa uzi mwekundu kwenye behewa bapa, ukakaza. Akawasha. Kona za seti ile ni kali, nusu kipenyo chake sentimita 36, na mambo yakawa kama alivyosema babu yake: kwenye kona ya pili behewa bapa lilisukumwa ubavu, likatoka, likalivuta na behewa la marobota. Mtoto akaona kazi imepatikana. Akaufungua uzi, akaigeuza kreni ubavuni, akaushusha mkono hadi ufike, akaipachika ndoano kwenye behewa la marobota, akazungusha hendeli.

Behewa halikunyanyuka. Kreni ndiyo iliyonyanyuka. Magurudumu ya upande wa ndani yakaachana na reli, ikasimama hivyo kitambo kidogo, kisha ikalala, ikateleza ukingoni mwa ubao na kuingia kwenye tui kichwa mbele, behewa likifuata kwa ndoano.

"Astaghfirullah!" Shangazi aliinuka na kanga imejaa machicha. "Tui la nazi nne! Wageni saa nne asubuhi!"

Mama akatoka na tepu shingoni. Mdogo wetu akatoka akaanza kulia, ingawa gauni lilikuwa salama. Na Baba akaingia mlangoni na kanzu yake, akaona umati, akanyoosha mkono.

"Msiguse kitu! Miguu ilitolewa?"

"Kaka," Shangazi akamwambia, "nakuuliza tui, unaniuliza miguu?"

Nilimtetea Baba wakati ule na ninamtetea hata leo. Mtu wa kreni akifika mahali pa ajali huangalia kwanza vitu vilivyolala kabla mtu hajavisogeza, kwa sababu vikishasogezwa sababu nayo imepotea. Lakini Shangazi naye alikuwa na haki kamili. Utando mweusi wa grisi ulikuwa umeanza kutanda juu ya tui lake, na tui lenye grisi ni la kumwagwa. Nikachukua kikapu nikaenda Ngamiani kutafuta nazi kabla wauzaji hawajafunga.

Niliporudi, mizani ya Mama ya unga ilikuwa barazani na Baba alikuwa anaandika chini kwa chaki. Kreni ina gramu 200. Kutoka katikati ya njia hadi kwenye reli ni milimita 8. Ndoano ilikuwa imeenda nje milimita 80 kutoka katikati, yaani 72 kupita reli. Ni hesabu ile ile ya mizani ya sokoni: 200 mara 8 upande huu, mzigo mara 72 upande ule. Kwa hiyo ubavuni kreni haiwezi kushika zaidi ya gramu 22, na behewa lile lina gramu 80 bila hata marobota. Miguu ya pembeni ikitoka na kukanyaga sawasawa, pa kuegemea panasogea hadi milimita 25, na uwezo unapanda kufikia karibu gramu 90. Mkono ni ule ule, uzi ni ule ule, kreni ni ile ile.

"Na mimi niliitoa miguu, babu," mwanangu alisema kwa sauti ndogo.

Ilikuwa kweli. Baba aliirudisha kreni ubaoni ikiwa bado inachuruzika, akaivuta miguu yake ya plastiki, akapitisha karatasi chini ya kila mguu. Karatasi ilipita bila kugusa. Aliyeitengeneza aliiweka miguu kwa sura tu, ikabaki ikining'inia hewani. Kwenye kreni kubwa, Baba alieleza, miguu nayo haifiki chini yenyewe. Genge hupanga mataruma, mawili hivi, mawili yakikingama juu yake, mpaka yajae, kisha hukazwa. Masika yakishasomba tuta, kazi ya kupanga mataruma kwenye matope inaweza kula saa nyingi kuliko kunyanyua kwenyewe, na bwana mkubwa aliyesimama kando na mwamvuli huona kama watu wanapoteza muda. Hapo Baba alizungumza kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. Mwanangu akaenda kuleta kiberiti, wakaanza kukata njiti.

Lakini kwanza kreni ilikuwa lazima ioshwe usiku ule ule. Tui likikauka kwenye meno ya gia huganda, likichacha hunuka, na Mama alikwishasema kitu chenye harufu ya uchachu hakitalala nyumbani mkesha wa posa. Baba alifungua skrubu za tumbo, akapanga vipande kwenye sahani kwa mfuatano vilivyotoka. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, mswaki wa zamani, kisha maji safi, kisha feni. Alipotaka kuilainisha kwa mafuta ya nazi, Mama ndiye aliyemzuia: mafuta ya nazi huganda kwa baridi na hunata yakikaa. Akampa mafuta ya cherehani, tone moja kwa ncha ya sindano kwenye kila ekseli. Injini haikuzama ila ilirukiwa, ikawa inakwenda kwa kushtuka na kusimama, kwa sababu umeme wake unapanda kutoka relini kupitia magurudumu. Pamba yenye spiriti ikatosha kwa reli na magurudumu. Msasa Baba aliukataa kabisa. Hukwaruza reli, na katika mikwaruzo ndimo uchafu na chumvi ya hewa yetu ya baharini hukaa.

Uzi ndio uliotushinda wanaume. Ulikuwa wa pamba, umevimba kwa tui, unatoka kwenye roda ya kapi kila hendeli ikizungushwa. Baba alipoubadilisha, likaja jambo la ajabu: ukizungusha kushusha, ndoano inashuka, inashuka, halafu inaanza kupanda. Mama akasimama nyuma yake na miwani puani.

"Baba watoto, umeumaliza uzi wote kwenye rola, sasa unajikunja kinyume. Acha mizunguko michache isitoke kamwe. Na uzi haukunjwi ukiwa umelegea."

Akakaa chini yeye mwenyewe. Akachukua uzi mwembamba uliosokotwa, akaupitisha juu ya mshumaa mpaka ukalala bila manyoya, akafunga ncha kwenye rola, akashika ncha ya pili kwa vidole viwili ukiwa umekazika huku mwanangu akizungusha polepole, kama anavyojaza bobini. Akauliza kwa nini ndoano yenyewe haina uzito. Ni swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifikiria: ndoano ya plastiki nyepesi haiwezi kuuvuta uzi, kwa hiyo kila inaposhushwa uzi hulegea, huruka nje ya roda na kujifunga fundo ndani. Kwenye kopo la mishipi ya kaka palikuwa na vyubwi vya risasi. Kidogo kabisa kikabanwa kwa koleo juu ya ndoano. Uzi ukanyooka, na haujatoka kwenye kapi tena.

Wakati huo Shangazi alikuwa amekamua tui jipya, na bakuli lilikuwa ndani, juu ya kabati, na mlango umefungwa.

Posa ilikwenda salama. Barua ilisomwa, kishika uchumba kikapokelewa, mkate wa kumimina ukaliwa ukaisha. Ubao wa treni ulikuwa umesimamishwa nyuma ya kabati la nguo kwa amri ya Mama, na ukakaa huko mpaka sahani za watu ziliporudishwa.

Ulipotolewa, Baba alimwita mwanangu na kulilaza behewa la marobota nje ya reli kwenye kona ile ile. Mkono wa kreni ukafunguliwa, miguu ikatolewa, mataruma ya njiti yakapangwa mawili mawili hadi karatasi ikakataa kupita. Mkono ukapandishwa juu ili ndoano ije karibu. Mtoto akaipeleka ndoano katikati ya behewa, Baba akamshika mkono.

"Hatunyanyui behewa. Tunanyanyua ncha."

Ncha moja ikipanda, nyingine ikiwa bado imelala, kreni hubeba nusu tu, gramu 40 badala ya 80. Unairudisha ncha hiyo relini, unahamisha ndoano, unafanya ya pili. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kwa injini kubwa, alisema, tena kwa kuzungumza kwa mikono, kwa kuwa mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kumwonyesha dereva wa kreni. Mtoto alizungusha, Baba akaonyesha kwa kidole, ncha ya kwanza ikakaa, kisha ya pili.

Shangazi alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, anatazama.

"Hivyo tu?" akauliza.

Baba akalisukuma behewa likaanguka tena, safari hii upande wa nje wa kona, ambako kreni inafika kwa shida. Akamsogezea dada yake kigoda, akampa boksi la njiti aanze kupanga mataruma.