Jaribio-Mwisho-Kabisa-2

Nyumbani wanaamini nimeajiriwa idara ya hali ya hewa. Nimechoka kukanusha. Ukweli ni kwamba nachunga kompyuta ambazo sijawahi kuziona, na wanaozitumia ni wabaya kuliko mbuzi wa soko la Kibuye.

Ofisi yetu hufuatilia gugumaji kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, kwa picha za setilaiti. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5 na kuona vipande vya mita 10 kwa 10, tena picha zake ni za bure. Ila picha moja hukaribia gigabaiti. Jaribu kupakua za miaka yote kwa bando, utauza shamba. Kwa hiyo tunaifuata data iliko. Hazina ya picha ya Digital Earth Africa iko Cape Town, nasi tunakodi mashine hukohuko, hesabu inafanyika kule, kwetu inarudi ramani ndogo tu. Mpango mzuri sana, kama usingekuwa na watu ndani yake.

Kijana wetu mmoja aliwasha mashine yake Ireland. Hakuangalia orodha ya maeneo. Basi gugumaji la Homa Bay likawa linatoka Cape Town, linapanda Ulaya, halafu ndipo linateremka Milimani, Kisumu, tulipo, na kila gigabaiti ikitoka inalipiwa. Mwingine alisasisha maktaba moja ya msimbo, "kidogo tu", programu za ofisi nzima zikagoma. Niliandika orodha ya maktaba na matoleo tuliyokubaliana, nikaibandika ukutani. Wiki hiyohiyo nikaikuta imefungia mandazi.

Lakini bili ndiyo itakayoniua. Watu hawahawa nyumbani hupiga kelele taa ya choo ikiachwa inawaka, kwa sababu tokeni wananunua wao. Mashine ya kukodi wanaiacha ikinguruma tangu Ijumaa hadi Jumatatu, haihesabu hata jani moja. Kubwa kuliko zote inaitwa jaribio-mwisho-kabisa-2. Kila nikiuliza ya nani, watu wanakumbuka wana chai jikoni. Mama wa uhasibu haniulizi gugumaji limefika wapi. Ananiuliza, "Baba, hizi dola ni za nini?"

Masika yakianza, picha zinakuja nyeupe tupu, mawingu matupu. Tunahamia rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu. Nayo upepo ukichafua maji, yanang'aa karibu sawa na gugu lenyewe.

Nikishuka Dunga kula samaki, mvuvi mmoja mzee hunicheka. "Omera, gugu limehama jana usiku. Nyinyi na mitambo yenu bado mnalitafuta?" Kwa habari za leo, mzee anatushinda, sibishani naye. Lakini gugumaji lilionekana mara ya kwanza ziwani humu karibu na mwaka 1990, na setilaiti za Landsat zilianza kupiga picha mwaka 1972. Kuupima ufuo jinsi ulivyokuwa kabla gugu halijaja, kisha kufuata limetanda wapi mwaka baada ya mwaka, hiyo si kazi ya macho ya mtu mmoja. Hapo ndipo mshahara wetu unapohalalika, na hapo tu.

Sasa wewe mwenye jaribio-mwisho-kabisa-2, najua unasoma safu hii. Hamisha faili zako. Kesho saa nne asubuhi naizima.