Mgeni wa Folda ya Nyumbani

Miongoni mwa mambo yanayomfanya mtu mzima adhani kwamba bado ana mamlaka duniani, hapana liliwazalo nafsi kama ile folda ya nyumbani katika kompyuta ya Linux, ambayo huitwa kwa jina la mwenyewe, na ambamo mtu huweka, hufuta na huhamisha atakacho pasipo kuomba idhini kwa msimamizi wala kutaja neno la siri. Kwa hiyo mke wangu alipokata shauri kwamba ule mlingoti wa umeme ulioonekana kumchipuka bibi arusi utosini sharti uondoke kabla picha haijapelekwa kuchapwa, mpwa wangu alitabasamu, akasema, "Mjomba, hapo ni kuongeza programu-jalizi moja tu kwenye GIMP, ile programu ya kuhariri picha, tena humu humu nyumbani kwako. Dakika tano."

Nyumba ni yangu, naam. Lakini chumba chenyewe hakikuonekana. Folda ambayo jina lake huanza kwa nukta hukaa faraghani, na ada hii, kwa mujibu wa simulizi ya Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs ilikozaliwa Unix, haikutokana na hekima yoyote, bali na mwandishi wa programu aliyetaka kuzisitiri alama mbili tu, nukta moja na nukta mbili, akaona wepesi kuficha kila kianzacho kwa nukta. Na njia ya mkato ya mtu mmoja ikawa sheria kwa vizazi. Mpwa wangu alipobonyeza Ctrl na H, ikadhihirika kaumu nzima ya folda zilizokuwa zikiishi nami miaka yote hiyo bila kulipa kodi wala kunijulia hali.

Mwongozo alioushika ulitupeleka kwenye .gimp-2.8, ilhali tangu toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2018, makazi yamehamia ndani ya .config, katika folda iitwayo GIMP kwa herufi kubwa tupu, kisha 3.0, yaani namba ya toleo letu, kisha plug-ins, ambayo kistari chake ni faradhi. Na kwa kuwa Linux haichanganyi herufi kubwa na ndogo, mpwa wangu alipounda kwa mkono wake folda nyingine iitwayo gimp, hakuna aliyemkataza. Zikakaa bega kwa bega, moja ina wenyewe, na ya pili ina mgeni wetu, ile programu-jalizi, peke yake, hana wa kumkaribisha.

Akamhamisha, akaizima programu na kuiwasha upya, maana programu-jalizi husakwa wakati wa kuanza tu. Menyu ikabaki ile ile, na mlingoti ukabaki utosini. Mke wangu akapita na sinia ya chai, akauliza, "Dakika tano za saa ya wapi?"

Kumbe toleo la 3.0 halimpokei mgeni aliyesimama uani: faili yetu, futa.py, sharti ikae ndani ya folda yake mwenyewe iitwayo futa, jina kwa jina. Na hata hapo, faili iliyoruhusiwa kusomwa na kuandikwa haijaruhusiwa kutenda. Hupewa ruhusa hiyo kwa amri ya chmod u+x, au kwa kutia alama kwenye kisanduku kidogo kilichositirika katika sifa za faili. Alama ikatiwa, menyu ikaota mstari mpya, mlingoti ukafutika, na mahali pake, maadamu programu za namna hii huziba pengo kwa kuazima kilicho jirani, bibi arusi akapata majani mawili matatu ya mwembe, ambayo mke wangu aliyapasisha kuwa ni pambo.

Jioni binti yangu akaingia kwa akaunti yake katika kompyuta ile ile, akaita, "Baba, mbona kwangu haipo?" Mpwa wangu akamfahamisha kwamba kilichowekwa nyumbani kwa mtu hakionekani kwa mwenziwe, kinachotakiwa kiwafae wote huwekwa katika folda za mfumo mzima, na huko hapaingiwi ila kwa neno la siri la msimamizi. Wote wawili wakanigeukia mimi, nami nikamgeukia mke wangu, ambaye ndiye aliyeinunua kompyuta, na ambaye neno hilo hajapata kumtajia mtu.