Mji Unaovisha Nyumba Mchele

Kwa Mjomba na jamaa wote wa Nyamilangano,

Mwili wangu ni mzima, ila akili haijatulia tangu nilipoona, katika mji mdogo wa Lucban ulio chini ya mlima Banahaw huku Ufilipino, nyumba ya ghorofa iliyovikwa mchele toka paani hata kizingitini, na mwenyewe amesimama mlangoni akitabasamu, wala hakuna jirani aliyekwenda kumtafutia mganga.

Kila tarehe 15 Mei watu hawa humwadhimisha Mtakatifu Isidro, mkulima wa Hispania ambaye, kwa riwaya yao, alipokuwa katika sala malaika walishuka wakamlimia shamba. Najua, Mjomba, utauliza malaika hao hutoza kiasi gani kwa ekari, na kama waweza kufika kwetu Ushetu kabla ya mvua za Novemba. Nami niliuliza, nikajibiwa kwa kicheko.

Zamani mavuno yalipelekwa kanisani yakabarikiwe. Kanisa lilipozidiwa, padri akawa anayabariki milangoni mwa watu, na husuda njema ya mapambo ikaanzia hapo. Unga wa mchele hukorogwa na rangi, hupakwa juu ya jani bichi, hupikwa kwa mvuke na kukaushwa, kisha jani hubanduliwa, ukabaki utando mwembamba wenye kila mshipa wa jani lile, waitao kiping, nao hufungwa mamia kwa mamia ukageuka thurea. Kandoni hutundikwa biringanya, maharage na mashuke ya mpunga. Lakini sikilizeni kanuni yao: maandamano ya mtakatifu hubadili njia kila mwaka, na nyumba za njia ya mwaka huo ndizo zipambwazo na kushindania zawadi; asiyepitiwa hungoja zamu yake, hata ikichukua miaka, bila mashtaka, wala kumpelekea diwani jogoo usiku. Nilipowaza jinsi kanuni hiyo ingepokewa Nyamilangano nilicheka peke yangu, hata mama mmoja akanisogezea kiti akidhani jua limenizidi.

Na tambi zao! Humwagiwa siki juu ya jani la mgomba, na sharti zifike kinywani bila uma, bila kijiko, bila kidole. Mimi niliyelelewa kunawa na kumega ugali kwa adabu nilisimama barabarani, tambi zikining'inia ndevuni, na watoto wakanizunguka kwa furaha zaidi kuliko walivyomzunguka mtakatifu.

Hapo nikaikumbuka sherehe yetu ya Bulabo kule Bujora, ambako Padri David Clement wa Kanada aliikutanisha sikukuu ya Ekaristi na ngoma za Wasukuma, vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu vikishindana, na ushindi ukiwa wake avutaye umati mkubwa. Huku waamuzi hupita na kalamu. Kwa rangi wametushinda. Kwa vishindo hawatuwezi. Jioni mwenye nyumba alinipa shuke la mpunga, harufu yake ikanitoa machozi hadharani, nikasingizia siki.

Basi Mjomba, akipatikana msafiri wa pande hizi, mpe mfuko wa michembe na karanga kidogo. Ila awe mtu aliyeshiba, maana safari ni ndefu na mfuko hauna kufuli.